Miche Tisa ya Sabuni

Jumamosi nilimwona msichana mdogo kwenye duka la jumla, amekumbatia katoni ya sabuni, na nikashindwa kumtazama mamake usoni.

Nilikuwa mdogo kama yeye. Majirani wanne wa ploti yetu pale Barani walikuwa wamechanga na mama ili tununue katoni moja, kila nyumba ipate miche miwili. Duka lilinukia sabuni na magunia, na wapagazi walikuwa wakiburuta mizigo nyuma yetu.

"Duka lako liko wapi, mama?" mwenye duka aliuliza. "Bei ya jumla ni ya wenye maduka."

"Liko Barani, baba. Dogo tu."

Nilidhani mama amesahau. "Sisi hatuna duka," nikasema, kwa sauti ile ya kumjibu mwalimu. "Sabuni ni ya kufulia."

Mpagazi mmoja akacheka. "Leo mwanao kakuanika, mama."

Tukauziwa kwa bei ya rejareja, na pesa zikatosha miche tisa tu. Jioni mama aliwagawia majirani miwili miwili.

"Mbona wako mmoja?" jirani akamuuliza.

"Nilichoka kubeba," mama akajibu, wala hakunitazama.

Mwezi ule sare yangu ya shule ilifuliwa kwa povu jingi kama kawaida. Nguo zake mama alizifua kwa maji matupu, nami nikadhani ndivyo apendavyo. Siku moja, mbele ya majirani wale wale, nilimwambia leso yake inanuka jasho.