Kiti Kilichogeuka

Kinyozi wangu hapa Garissa ana kiti cha kuzunguka. Zamani, kipindi cha sayansi kilipoanza, alikuwa anakigeuzia runinga hata kama amekunyoa ndevu upande mmoja tu. "Kioo utakikuta, walaal, ndugu yangu." Mtangazaji, mzee wa miwani, akiwasha mshumaa na kuufunika kwa glasi, wembe wa kinyozi ulisimama hewani mpaka mwali uzimike na tuelezwe kwa nini. Siku hizi kipindi ni vijana wanaolipua matikiti na kuangua vicheko. Kinyozi hukipa mgongo, akakung'uta kitana pajani, akafyonya. "Kulipua tu. Wallahi, hakuna kueleza." Lakini runinga haizimi.

Jana, katikati ya vicheko, wakarusha kipande cha zamani: yule mzee, miwani yake, mshumaa. Kiti changu kikazunguka kabla sijasema neno. Tukautazama mwali ukinywea ndani ya glasi. Mzee akafungua mdomo aeleze, na hapo hapo likalipuka tikiti.

Kinyozi alibaki amesimama, wembe hewani. Kisha, kwa sauti ya mzee yule, taratibu, akasema, "Moto nao unahitaji hewa, wapenzi watazamaji," akanirudisha kwenye kioo.