Wanza Humtazama Nyoka Uso Kwanza

Saa tatu asubuhi, Wanza Kilonzo amelala kifudifudi kwenye sakafu ya stoo iliyo chini ya ngazi, katika nyumba moja ya Kuze, Mombasa. Mkono mmoja una tochi, wa pili fimbo yenye ndoano. Nyuma ya magunia ya mchele kuna nyoka, na bado hajamgusa.

"Ni mweusi," anasema Mzee Badruddin, mwenye nyumba, akiwa mlangoni.

"Kila nyoka ninayeitiwa ni mweusi, Mzee. Hofu haina rangi nyingine."

Ghorofani yupo Saliha, binti wa Badruddin, na mtoto mchanga. Amekuja kwa wazazi kukaa arubaini yake, na ameshasema: nyoka huyu akiwa na sumu, au asipojulikana ni yupi, anarudi kwake Bondeni leo hii. Bi Khatoon, mamake, hataki kusikia hilo. Ni mjukuu wake wa kwanza.

Majirani walikuja na marungu tangu jana, Badruddin akawazuia. Kwa imani yake, nyoka wa ndani huonywa kwanza, asije akawa jini.

"Nimemuonya mara tatu atoke. Hakutoka."

"Nyoka hana masikio, Mzee."

"Huyu anayo, na hasikii vilevile," anasema Bi Khatoon, akimwelekezea mumewe kidole.

Wanza, mzaliwa wa Machakos, alijifunza kazi hii akisafisha vizimba katika bustani ya nyoka. Mwito mmoja humpa shilingi elfu mbili. Mvua ikinyesha, kazi huwa tele. Kiangazi hufua nguo za watu.

Nyoka anajisogeza. Ni wa kahawia. Hilo halimtoshi Wanza, kwani fira atemaye sumu naye huweza kuwa wa kahawia.

"Rangi ni kanzu," anasema. "Wawili huvaa sare. Mimi nautaka uso."

Anangoja mpaka kichwa kinatokeza. Mistari miwili ya rangi ya maziwa inaanzia puani: mmoja unapita juu ya jicho, wa pili chini yake. Kooni hakuna mikanda myeusi ya fira.

"Nyoka wa nyumba. Hana sumu. Anawalia panya wenu."

"Si jini?" anauliza Badruddin.

"Majini siwajui, Mzee. Huyu namjua. Mwacheni akae."

"Abadan!" Sauti ya Saliha inashuka kutoka juu.

Wanza anacheka, anamwinua nyoka kwa ndoano na kumtia katika ndoo yenye mfuniko wa kuonea ndani. Saliha anashuka, mtoto begani, na kuinama. Anaitafuta ile mistari mpaka anaiona.

"Ni huyu tu?" Anamgeukia mamake. "Basi lile begi nililofunga, lifungueni."

Siku ya arubaini, wanawake wa mtaa watajaa humu. Bi Khatoon anamtaka Wanza aje awafundishe, naye amekubali.

"Nyoka akitokea, wanaokuwa nyumbani ni wanawake," anasema Wanza. "Nikipata wawili watatu hapa Kuze wanaoujua uso wa nyoka, hakuna atakayelala kwa wasiwasi akinisubiri."

"Njoo na picha, mwanangu," anasema Bi Khatoon, akiitazama ndoo. "Nyoka wenyewe wabaki kwako."