Vita Nilivyovitangaza Mimi

Nasafisha sakafu kwenye makao makuu ya jeshi la jimbo hapa ugenini, mjini Columbus, na siku hizi naona aibu hata kwenda kanisani. Jumanne nilikuwa napiga deki nje ya ukumbi wa maofisa. Kanali alisimama mbele ya ramani ya dunia akasema, “Kuanzia sasa nchi yetu iko vitani.” Hakuna aliyecheka.

Sisi watu wa Kivu, tuliozoea kukimbia vita, hatungoji kuambiwa mara mbili. Nikawaandikia mama na wenzangu wote wa kanisa: fungeni mizigo. Kisha, mjinga mimi, nikamwomba kanali ruhusa nikawatoroshe watoto wangu. Akanitazama kwa huruma.

“Haya ni mazoezi tu. Tunafanya kila mwaka.”

Nyumbani nilimkuta mama mlangoni, amevaa vitenge vitatu, sufuria kichwani.

“Bon, haya mwanangu, tunapitia njia gani?”