Mfuko wa Vitu Vingine

Sanduku lilikuwa la bati, la aina ambayo wanafunzi wa bweni huenda nalo shuleni, na rangi yake ya bluu ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Ndani yake zilikuwamo kadi za kliniki za watoto wa kike wa kijiji kizima, au karibu kizima. Nisingependa kutia chumvi. Mwenye sanduku alikuwa bibi mmoja wa Mishamo ambaye alianza kazi yake miaka mingi kabla ya semina na mabango ya miradi kufika huko. Akina mama walimpelekea kadi za binti zao awatunzie, kwa sababu kadi ndiyo iliyoonyesha tarehe ya kuzaliwa, na baba aliyetaka kumwoza mtoto alianza kwa kuipoteza kadi. Ubishi ulipozuka, mama alikwenda kuichukua, akaipeleka ofisini, na umri ukasomwa mbele ya watu. Bibi hakuwa na cheo wala muhuri. Alikuwa na sanduku, na alijua kunyamaza.

Nilikwenda kwake kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mwongozo wangu wa maswali ulianza na swali "Ulianzaje?" Nilimwuliza hivyo katika vikao vitatu, na mara zote tatu alinijibu vilevile: "Andika tu kwamba nilianza, binti. Swali la pili?"

Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nililijua hilo. Siku ya kwanza niliandika katika daftari langu: "Haoni, ila hutofautisha mwanga na kivuli." Ninalitaja ili ieleweke kwamba siwezi kujitetea kwa kutojua.

Kila kadi ilikuwa imeshonewa kitu kidogo: kifungo cha sweta, kipande cha kitenge, punje ya harage iliyotobolewa, fundo la katani, pini. Niliona nyuzi zinachana karatasi na pini zinaacha kutu juu ya tarehe, na tarehe ndizo zilizokuwa roho ya utafiti wangu. Nikaomba ruhusa ya kuzisafisha na kuzipanga. "Panga," akasema Bibi, akiendelea kupukuchua mahindi pale mlangoni. Sidhani kama alijua nilichokusudia. Mimi pia sikumweleza.

Kwa siku mbili nilikata nyuzi. Kila kadi niliitia katika bahasha ya kaki, nikaigundisha, nikaandika juu yake namba badala ya jina, kama nilivyoahidi katika fomu ya maadili ya utafiti, kisha nikazipanga zote kwa mwaka wa kuzaliwa. Orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya nani niliihifadhi kwenye kompyuta yangu. Vile vidude nilivitia vyote katika mfuko wa plastiki, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: "Vitu vingine." Sikuorodhesha kipi kilitoka kwenye kadi ipi. Nilirudi kwa wazazi wangu Misunkumilo nikiwa nimeridhika kabisa.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, simu yangu iliita.

"Dada, ni wewe uliyekuwa hapa kwa Bibi na kompyuta?"

"Ni mimi."

"Kadi ya mwanangu umeiweka wapi? Kesho saa nne tunaitwa kwa mtendaji wa kata. Baba yake anasema mtoto ana kumi na nane, eti shuleni waliandika kwa kukisia. Ana kumi na tatu, dada. Si mimi niliyemzaa?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya Bibi: "Mwulize kifungo changu cheusi kiko wapi!"

Hapo nikaelewa. Vile vidude vilikuwa ndiyo macho yake. Kila mama alipoleta kadi alichagua alama yake, na Bibi aliikariri kwa vidole. Mimi nilikuwa nimevizima vyote kwa mkasi.

Nikafungua kompyuta. "Bahasha namba sitini na moja," nikasema.

"Mimi sisomi, dada. Na Bibi haoni."

"Mtafuteni jirani anayesoma."

Bibi akachukua simu. "Jirani yupi? Huyu ambaye mdogo wake ndiye mwoaji? Wanawake hawa niliwaahidi kwamba hakuna mtu wa hapa, hata mtoto anayejua kusoma, atakayezishika kadi zao. Wewe nilikuruhusu kwa sababu ni mgeni, utaondoka."

"Basi abebe sanduku lote ampelekee mtendaji."

"Ili kila baba ajue lilipo? Nyie wasomi! Njoo."

Hatua iliyofuata ilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Lakini mimi niliketi kitandani nikaanza kufikiri. Fomu yangu ilisema kwamba hakuna hati itakayotolewa kwa mtu wa tatu bila idhini ya kamati. Nikaandika ujumbe kwa msimamizi wangu, nikiuliza kama mama mzazi anahesabiwa kuwa mtu wa tatu. Niliusahihisha mara mbili kabla aibu haijanishika nikaufuta. Nilipofika stendi, gari la mwisho lilikuwa limeshaondoka.

Niliondoka alfajiri kwa pikipiki. Nilifika saa tatu na nusu, vumbi hadi kwenye kope. Msichana mwenyewe alikuwa ameketi juu ya sanduku, amevaa sketi ya shule, kama anayezuia lisiibwe.

"Dada, nasikia nina namba," akaniambia. "Mimi ni ya ngapi?"

"Sitini na moja."

"Mbona sikuambiwa?"

Nilipata bahasha yake, nikaichana, nikampa mama yake kadi, tukaenda karibu mbio.

Mtendaji aliisoma tarehe kwa sauti, akaisoma tena. Baba wa msichana akasema kadi yoyote inaweza kuandikwa.

"Na chanjo?" mtendaji akamwuliza. "Hii ya surua, muhuri huu hapa. Nayo alichanjwa mtu mwingine?"

Mzee wa upande wa mwoaji akasimama, akavaa kofia yake. "Sisi tuliambiwa ni mtu mzima," akasema bila kumtazama yeyote, akatoka. Baba alibaki akiangalia viatu vyake. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu msichana anarudi darasani, na mtendaji angemfuata mwenyewe mwalimu kuhakikisha.

Nje, niliketi kwenye ngazi. Niliwaza ingekuwaje kama pikipiki ingeharibika njiani. Niliwaza ule ujumbe nilioufuta. Mama wa msichana hakunishukuru wala hakunilaumu. Alinipa kadi, akasema, "Kifungo chake ukirudishe."

Tulimwaga mfuko juu ya mkeka. Bibi aliokota kimoja kimoja, akakisugua kwa kidole gumba na kutaja mama mwenye alama hiyo. Mimi nilitafuta kadi, nikashona. Kuna waliokwisha kuhamia Kasansa, kuna waliofariki, lakini alama zao alizijua zote. "Huyu alikuwa mchoyo," akasema akishika uzi mfupi sana. "Angalia alichonipa!" Tulifanya kazi hiyo siku tatu. Niliirudisha hata pini yenye kutu. Msimamizi wangu akiuliza nani alitoboa hati upya, nitamwambia ni mimi.

Mwishoni kilibaki kipande kimoja cha nguo ya kubebea mtoto, kilichopauka hadi kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza kadi yake ni ipi.

"Hakina kadi," akasema Bibi. "Baba yake aliichoma. Wakati huo sikuwa na mahali pa kuificha, sanduku sikuwa nimelifikiria. Alikuwa na miaka kumi na minne alipoozwa. Alikufa akijifungua."

"Mwanao?"

"Wa kwanza."

Ndipo nikakumbuka kwamba kipande hicho sikukikata kwenye kadi. Nilikikuta kimeshonwa kwenye kitambaa kilichotandikwa ndani, chini kabisa ya sanduku, nikakiondoa pamoja na vingine kwa kuwa hakikuhusiana na tarehe yoyote. Swali langu la kwanza lilikuwa limejibiwa pale chini tangu mwanzo. Baadaye aliniruhusu kuyaandika haya, mradi jina lake lisiwepo wala la mtoto. Siku ile hakuna aliyezungumzia kuandika. Nilitunga uzi kwenye sindano, nikainama ndani ya sanduku tupu, nikaanza kushona. Bibi aliingiza mkono, akapapasa kile kitambaa cha chini mpaka akafika nilipochoma sindano.

"Si hapo," akasema. "Kushoto kidogo."

Nikafumua, nikaanza upya.