Pilau ya Nafasi ya Nne

Shule anayosoma binti yangu haitoi namba. Iko njia ya kwenda Mlingotini, vyumba vinne katikati ya mikorosho, na watoto wake husuka ukili wa mikeka na kumwagilia bustani kabla ya kufungua daftari. Mwisho wa muhula hakuna mtihani. Mwalimu huandika barua: mtoto anaweza nini, na nini bado. Nusu ya Bagamoyo wananicheka. Wacheke.

Aliyeniumiza ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu mdogo. Mwaka jana shule zilipofungwa alituita mimi na binti yangu dukani kwake, kwenye majora ya vitambaa. Tukamwamkia. Hata kahawa haijamiminwa, akanyoosha mkono.

"Lete ripoti. Wa ngapi?"

Nikampa barua. Akaigeuza mbele na nyuma akitafuta namba.

"'Anapokosea kusuka, hufumua mwenyewe na kuanza upya.' Haya ndiyo masomo? Ukili si angefundishwa na bibi yake barazani?" Akamgeukia mtoto. "Saba mara nane?"

"Sijui bado, babu," akajibu, akimtazama usoni.

"Umesikia? Shule zikifunguliwa anahamia wanakosoma wajukuu zangu. Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Wewe mbona nilikupeleka shule ya kawaida, ukawa wa nne!"

Hiyo nafasi ya nne ukoo mzima unaijua. Nilikuwa darasa la sita, na ripoti yangu iliandikwa 42, kati ya wanafunzi arobaini na watano. Njiani kurudi nyumbani niliikwangua ile mbili kwa wembe wa kuchongea penseli, nne ikabaki peke yake. Baba mkubwa akapikisha pilau, akagawa mtaa mzima. Niliila kwa hofu. Tangu siku hiyo sikuthubutu kumwambia mtu kwamba hesabu sizielewi, na nani angehangaika kumfundisha aliyeshika nafasi ya nne? Bado nina hasira na ile miaka.

"Baba mkubwa," nikasema, "nilikuwa wa arobaini na mbili. Nilikwangua."

Akalisukuma kando birika la kahawa.

"Na pilau yangu?"

"Niliila. Na huyu hahami."

Sikuinamisha kichwa. Nilishainamisha vya kutosha utotoni. Baba mkubwa akamuuliza mtoto kwa sauti ya chini:

"Na wewe, ungekuwa wa arobaini na mbili, ungeniambia?"

"Ningekuambia, babu. Kwani ungenifanya nini?"

Baba mkubwa alinitazama mimi, kisha akaikunja barua akanirudishia. Shule zilipofunguliwa nilimshika mwanangu mkono, tukashika njia yetu ya Mlingotini.