Mume wangu anahubiri wanawake wanyamaze, na mkalimani wake ni mimi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana kanisa letu ni dogo na wengi wao wako humu kwenye page.

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, Mtanzania, naishi Birmingham na mume wangu na binti yetu wa miaka 13, ambaye hapa nitamwita Neema. Mume wangu ni mchungaji wa kanisa la Waswahili. Mimi naitwa Mama Mchungaji, cheo ambacho kazi yake ni kukaa kiti cha mbele, kupendeza, na kupika pilau la wageni. Siku za kazi yeye yuko ghalani huko Washwood Heath, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kodi tunalipa wote. Vyombo naosha mimi.

Nyumbani, kabla sijaolewa, nilikuwa mwinjilisti. Nilisoma chuo cha Biblia, nikahubiri mikutano ya nje mpaka sauti inakauka, na huyu baba aliokoka kwenye mkutano niliohubiri mimi. Siku hizo sauti ya mwanamke haikumsumbua. Tulipofika huku tulianzisha ibada sebuleni kwetu Handsworth, kabla ya ile kura ya kujitoa Ulaya, na aliyekuwa anafundisha Neno ni mimi. Watu walipoongezeka tukakodi ukumbi Aston, wakachaguliwa wazee wa kanisa, na ghafla ikaonekana madhabahu si mahali pangu.

Isipokuwa kwa jambo moja. Watoto waliozaliwa huku wanasikia Kiswahili cha "njoo ule", lakini mahubiri hawayashiki. Kwa hiyo kila Jumapili nasimama pembeni ya mume wangu na kipaza sauti changu, yeye anasema kwa Kiswahili, mimi narudia kwa Kiingereza. Mnajua mkalimani wa kanisani alivyo. Hasemi "mchungaji anasema hivi". Mchungaji akisema "mimi", naye anasema "mimi". Akipaza sauti anapaza, akilia analia. Nilikuwa najifariji kwamba angalau niko pale mbele.

Juzi kati mume wangu alishikwa na mafua, sauti ikakata kabisa. Nikamwambia, "Baba Neema, pumzika, kesho nitahubiri mimi." Akanong'ona, "Wazee hawatakubali." Wakamsimamisha kijana mmoja aliyeokoka majuzi tu, akasoma mistari, akachanganyikiwa, akakaa. Hata huko kuchanganyikiwa kwake nilikutafsiri.

Nilikasirika, sifichi, na maneno niliyomwambia mume wangu jikoni yalikuwa makali. Nadhani ndiyo maana Jumapili iliyofuata, sauti ikiwa imemrudia, alipanda na lile andiko la wanawake kunyamaza kanisani. Siku zote hunipa andiko mapema, siku hiyo hakunipa. Nikaanza kutafsiri nikidhani atapita tu. Mara akasema, "Mke wangu aliniomba ahubiri, nikamkatalia. Si kwamba hawezi. Mungu hakuwapa wanawake nafasi hii." Jamani, ningefikiri saa ngapi? Mdomo umeshazoea. Nikatamka kwa Kiingereza, mkono juu kama wake, kwamba mke wangu aliniomba ahubiri, nikamkatalia. Ukumbi ukaitikia amina. Neema alikuwa mstari wa mbele na watoto wenzake, akinitazama mimi, si baba yake.

Kwenye gari mume wangu akanigusa bega. "Mama Neema, leo umetafsiri vizuri mno. Very powerful. Watu wamebarikiwa." Nililia mpaka tukafika nyumbani. Akadhani ni upako.

Sasa sikieni kilichonimaliza. Neema alikuwa amechaguliwa kuhubiri siku ya watoto, na kila jioni nilikuwa namsikia bafuni akifanya mazoezi mbele ya kioo. Wiki ile ikawa kimya. Nilipomuuliza akanijibu bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaniua: "It's fine, Mum. I told them to give it to one of the boys. You said God didn't give us that place." Nikamwambia hayo ni maneno ya baba yako, mimi nilitafsiri tu. Akasema, "But I heard you." Nimemweleza mara nyingi tangu siku ile. Anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha anarudi kwenye simu yake.

Nilimwendea Mama Furaha, Mkongo, kiongozi wa akina mama. Akaniambia, "Dada, faut kuvumilia, ni lazima. Bwana yako hakupigi, hanywi pombe, unataka nini tena? Sisi wote tulipitia mule." Nikamwambia mume wangu sitatafsiri tena. Akasema watoto watakosa Neno na lawama itakuwa yangu, na wazee watasema ameshindwa kuongoza nyumba yake, watamvua uchungaji. Yapo makanisa ya Waingereza ambako wanawake wanahubiri, nilienda moja nikakaa nyuma kabisa. Alipojua, akasema nikihamia huko niende peke yangu, Neema anabaki. Na hawa watu wa Aston ndio ndugu tulio nao huku. Mama yangu alipofariki nikashindwa kwenda kumzika, ni wao waliokaa na mimi sebuleni wiki nzima.

Jumapili hii mume wangu anaendelea na somo lilelile. Safari hii amenipa andiko mapema, niandae Kiingereza chake. Nikitafsiri, binti yangu atalisikia tena kutoka kinywani mwangu. Nikisimama pale bila kusema kitu, nitakuwa nimefanya hasa kile anachohubiri, na Neema ataona hivyo pia. Msiniambie niombe, nimeshaomba sana. Ndugu zangu, nishaurini: Jumapili nifungue mdomo au niufumbe?