Macho Niliyomwazima Sista

Jumamosi ya mwisho ya Januari. Usiku kucha ilinyesha ile mvua inayoganda ikigusa kitu, na asubuhi kila tawi lilikuwa limevikwa kioo. Upepo hakuna. Ukisimama mlangoni unasikia miti inalia taratibu, kri, kri, kama vikombe vinavyogusana kabatini.

Ndivyo nilivyoandika siku ile na sibadilishi, ingawa hilo neno kioo nililifuta mara mbili. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kila nikiandika jambo najiuliza kama nimeliona hivyo kweli au nimelipamba.

Naishi ughaibuni, katika mji wa Sterling, nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mwanamke wa Kikenya ambaye wote tunamwita Sista, kwa kuwa alikuwa nesi miaka mingi. Mimi ni Mtanzania, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege. Mwenzetu wa tatu ni Mama Bukavu, Mkongo, anayetandika vitanda katika hoteli nyingine huko Alexandria. Wawili wa kanisani, mmoja wa msikitini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa viatu vya kutelezea. Kinachotukutanisha ni kijana mmoja anayeteleza kwenye barafu. Yeye hatujui sisi, wala hajui kama tupo. Tunamwita Kijana Wetu.

Aliyeanza ni Sista. Alimwona kwenye runinga ya chumba cha kupumzikia wagonjwa, kijana akiwa bado mdogo, amevaa shati lililomzidi. Akaniita mimi, mimi nikamwambia Mama Bukavu. Tangu hapo tumejifunza mambo ambayo sikuwahi kufikiri mtu kama mimi angeyajua. Najua kwamba barafu ya uwanjani hupakwa rangi nyeupe chini, na maji humwagwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Najua kwamba ubapa wa kiatu, kile chuma chembamba cha chini, una kingo mbili, wa ndani na wa nje, na mtelezaji mzuri haendi kwa ubapa mzima, anaegemea ukingo, ndiyo maana njia yake haiwi mstari, inakuwa upinde. Kijana aliwahi kusema anapenda kutengeneza saa mbovu za ukutani, basi Sista akanunua saa mbovu akaifungua mezani, na mpaka leo haijafungika. Alisema anapenda kuvumwani, ule ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe, nasi msimu mmoja mzima tukawa tunatembea kando ya kijito nyuma ya majumba makubwa ya kuhifadhia kompyuta yasiyo na madirisha, tumeinama, tunagusa mawe kama watu waliopoteza pete. Mama Bukavu alijifunza kuoka mkate mweusi wa kwao Kijana. Niseme haki, ule wa kwanza ulikuwa mgumu sana, lakini wa tatu uliliwa ukaisha.

Tuna daftari la habari zake, nami ndiye ninayelishika. Lina safu tatu: Nimeona, Nimesikia, Nadhani. Mtu akileta habari ya Kijana lazima aseme inakwenda safu gani. Sheria hiyo aliitoa Sista mwenyewe, kwa sababu Mama Bukavu aliwahi kutuambia Kijana kaoa, tukafurahi siku mbili, kumbe ni binamu yake.

Sasa jambo lenyewe. Macho ya Sista yalikuwa yanaondoka kwa majira ya baridi mawili. Yaliondokea katikati, akabaki na mwanga kidogo pembeni, kiasi cha kujua kwamba dirisha ni dirisha. Kazi za nyumba aliziweza kwa mikono. Kumtazama Kijana ndiko hakuweza. Wiki ile ya Januari Sista alitoa maboksi yake yote ya habari za Kijana, kanda, magazeti yaliyokatwa, akayapanga mlangoni kwangu.

“Chukueni,” alisema. “Kukaa hapo nikisikia nyinyi mnafurahia kitu sioni ni kama kunusa nyama ya jirani.”

Tulimsihi. Akakubali mara moja tu zaidi, shindano la Jumamosi, kwa sharti kwamba mtu mmoja amwambie yanayotokea.

“Na isipofaulu, mimi nimemaliza. Msinibembeleze.”

Mama Bukavu, ambaye ‘ndio’ yake ni ‘njo’, alidhani ni yeye. “Mi njo najua kusema! Huyu dada anasema ‘nadhani’ mara mia.”

“Ndiyo maana nataka yeye,” Sista akasema. “Wewe ukiona kijana ameinua mguu, kwako ashashinda.”

Kwa hiyo nikapewa mimi. Sikulala vizuri kwa kuwaza. Orodha ya kila atakachofanya ilikuwa imewekwa mtandaoni, mashabiki wa nchi mbalimbali huwa wanagawiana, nikainakili yote daftarini. Kazini niliuweka muziki wake sikioni huku napiga pasi, nikisema kwa sauti ndogo: hapa ataruka, hapa atazunguka akiwa amechuchumaa, hapa violini zinapopanda ndipo lile ruko kubwa la mizunguko minne. Wenzangu walinicheka, wakadhani nakariri dua. Kufika Ijumaa nilikuwa najua dakika zake nne kama ninavyojua kukunja shuka. Niliona huo ndio uaminifu. Labda hapo ndipo nilipokosea, au labda nilikosea baadaye, bado sijui.

Asubuhi ile nilimwaga chumvi kwenye ngazi, nikaenda na gari langu bovu kumpokea Mama Bukavu kituo cha treni cha Herndon. Barabara ilikuwa tupu. Miti ya pande zote mbili imeinama, inang’aa, nami naendesha polepole mno hata ikawa kama si mimi ninayekwenda, ni ile miti inapita. Mama Bukavu alikuwa amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

Tulimkuta Sista ameshakaa, amevaa gauni la kutokea na amejipaka mafuta. Tulikuwa tumepata picha isiyo na mtangazaji, sauti ya ukumbi tu. Nilikaa kushoto kwake. Kijana akaingia.

“Amevaa nini?” Sista akauliza.

“Buluu. Buluu ya jioni kabla taa hazijawashwa. Mikono mirefu.”

“Uso?”

“Umetulia. Nadhani.”

“Heya! Kameanza ka nadhani,” Mama Bukavu akanong’ona.

Muziki ukaanza, nami nikaanza pamoja nao. Nikwambie, ilikwenda vizuri. Nilisema anavyokwenda kinyumenyume bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeijua nyumba yake gizani. Nilisema ruko la kwanza, ametua, mguu mwingine nyuma umenyooka. Nilisema mikono. Sista alifumba macho, midomo inacheza. Chumba kilikuwa na mwanga wa ajabu, mwanga unaotoka kwenye barafu ya nje na ile ya runinga, sikujua tena upi ni upi. Ndege ilipita chini kuelekea uwanjani, madirisha yakatetemeka, na Kijana akaendelea kuteleza ndani ya ule mngurumo kama vile ameagizwa.

Violini zikapanda.

“Anajikunja, amepanda, moja mbili tatu nne, ametua! Ametua, Sista!”

Sista akapiga vigelegele. Alipiga makofi, akanishika bega, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka juzi.

Lakini Kijana hakuwa ameruka minne. Alifunguka hewani, mikono ikamtoka kama mwavuli unaopinduliwa na upepo, akazunguka mara moja tu, akashuka. Mdomo wangu ulifuata muziki. Macho yangu yaliona baadaye. Watu ukumbini waliguna, ila vigelegele vya Sista viliifunika ile sauti.

Mama Bukavu alinitazama. Nami nikaendelea kusema: anageuka, anazunguka, ameinama. Nilitaka kuweka hesabu hii sawasawa, na nimeiandika hivi: ile sekunde ya kwanza lilikuwa kosa. Zile dakika mbili zilizofuata ulikuwa uongo. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado begani kwangu.

Ikaisha. Alama zikasomwa ukumbini kwa Kiingereza. Sista akakunja uso.

“Hizo ni chache,” akasema. “Mtu akiingiza ile ya minne hawezi pewa hizo.” Akanigeukia, si usoni pangu hasa, karibu na sikio. “Alitua zote?”

Niseme haki kwa Mama Bukavu: angeweza kunisemea au kunitetea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama sufuria yake.

“Hapana, Sista. Ile kubwa ilifunguka. Alizunguka moja.”

“Na ulisema nne.”

“Nilisema kabla sijaona. Halafu nikaona, nikanyamaza.”

“Mimi nimekuwa nesi,” akasema polepole. “Nimeambiwa na watu wangapi kwamba wamemeza dawa, na dawa iko chini ya mto. Najua vile inaskika. Leo sikuskia. Nilikuwa nimefurahi sana.”

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Mama Bukavu akavuta pumzi. “Weye uliogopa nini? Mi ningesema amekosa, angelia kidogo, bon, ingeisha.”

“Ulisema ningekuwa na nadhani mia.”

“Na njo leo hukusema hata moja pale kulikuwa lazima.”

Nilikwenda kuosha vikombe visivyo vichafu. Niliyatazama maboksi yaliyokuwa mlangoni kwangu, nikafikiri yatakaa pale sasa, nami nitayaruka kila siku nikienda kazini. Nje barafu ilianza kudondoka kutoka kwenye matawi, vipande vyembamba, vikivunjika bila kelele kubwa.

Sijui ulipita muda gani. Mlango ukafunguka.

“Uso wake,” Sista akasema akiwa bado amesimama. “Ilipofunguka. Uso wake ulikuwaje?”

“Sikuutazama. Nilikuwa natazama maneno yangu.”

Akatikisa kichwa, akarudi kitini. “Rudisha. Toka mwanzo.”

Mama Bukavu akarudisha. Buluu ile ikatokea tena. Nikafungua mdomo.

“Nyamaza,” Sista akasema. “Wote wawili.”

Basi tukakaa kimya, na huo ukimya ulikuwa mgumu kwangu kuliko kusema. Mkono wake ulikuwa kwenye kiegemeo, kiganja juu. Sikupanga. Nilimwona Kijana anaegemea, upinde mrefu, na kidole changu kikaanza kuuchora kiganjani mwake, kikimfuata nyuma kidogo. Nilidhani atauvuta mkono. Hakuuvuta.

“Hapo ni ukingo wa nje,” akasema.

Niliangalia. Ulikuwa wa nje.

Nikaendelea. Akigeuka, kidole kinageuka. Akizunguka papo hapo, kinazunguka papo hapo mpaka ngozi yake ikapata joto. Muziki nilikuwa bado naujua, lakini kidole hakiwezi kwenda asikokwenda yeye. Kilibaki nyuma yake muda wote, kidogo tu, kama kivuli cha mtu mchana. Nadhani sikuwahi kumtazama hivyo kabla. Violini zikapanda. Nikainua kidole hewani, nikakirudisha. Mara moja, taratibu.

“Moja,” Sista akasema.

“Moja.”

“Na anatoka vipi hapo?”

Sikusema. Nilichora. Baada ya lile ruko lililoharibika alikuwa ametoka kwa upinde mpana kuliko yote ya siku ile, bila haraka, kutoka kidole gumba mpaka mwisho wa kifundo cha mkono wake. Nilikuwa nimeupita mara ya kwanza nikiwa natunga.

“Ai,” Sista akasema kwa sauti ya chini. “Tazama huyo mtoto.”

Kisha akawa anacheka na kulia pamoja, na Mama Bukavu naye, naye huwa hahitaji sababu. Uso wa Kijana niliutazama safari hii. Nilimwambia Sista: alifumba macho, si kwa uchungu, kama mtu anayetafuta jina la kitu. Aliniuliza safu gani. Nikasema kufumba ni Nimeona, jina la kitu ni Nadhani.

“Sawa. Lakini bado nimekasirika,” akasema.

“Najua.”

“Na kesho kuna wale wanateleza wawili wawili. Itabidi utumie mikono yote miwili. Kuna baridi, nawa na maji moto kwanza.” Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: “Hayo maboksi yanaziba njia. Nani aliyaweka hapo?”

Niliyarudisha chumbani kwake, moja moja. Sikumwona akitabasamu, kwa hiyo siandiki kwamba alitabasamu.

Barabara ilikuwa imeganda tena, Mama Bukavu akalala kwetu. Jioni tulikula sombe, yaani kisamvu cha kwao Mama Bukavu, aliyoileta kwenye sufuria, na ugali wa Sista uliosongwa ukawa mgumu kama anavyoupenda yeye, na dagaa niliowakaanga mimi, ambao kwa haki niseme niliwazidisha chumvi.